Dawa ya Mgongo wa Jirani

Mwanangu, umejisaini "Mwenye Hatia, Kihonda", na jina hilo nimelikataa kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Mwenye hatia haamki saa nane za usiku kumwandikia shangazi kurasa tatu kuhusu mbwa. Mwenye hatia muda huo anakoroma.

Wasomaji wengine nao wakijue kisa. Dada yetu huyu wa Morogoro ana mbwa wa miaka tisa anayeitwa Mtajiju. Jina hilo alilitoa mumewe, enzi zile vibaka wakisumbua mtaa, kwa hiyo tumsamehe. Tangu mvua zianze, Mtajiju akiamka asubuhi anaburuza mguu wa nyuma wa kulia, na akipanda ngazi za barazani analalamika kidogo. Dada akamvunjia nusu ya Panadol, usiku mmoja, wa pili, wa tatu. Akaona nafuu. Panadol zilipoisha, jirani yake, nesi mstaafu mwenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi, akamwambia Panadol haifui dafu kwa mguu. Akafungua mkoba wake na kumpa vidonge vya diclofenac vya miligramu 50. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, ndani ya tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa dagaa. Siku ya tatu Mtajiju akagoma kula, akatapika povu lenye michirizi ya kahawia, na kinyesi chake kikawa cheusi tii, kinanata, kina harufu ambayo dada anasema hataisahau.

Maswali yake ni manne. Je, nimemuua? Kipimo sahihi cha Panadol kwa mbwa ni kipi? Mume wangu anasema nikimpeleka mbwa hospitali mtaa mzima utanicheka, ni kweli? Na la mwisho, nimwambieje jirani?

La kwanza sikulingojea gazeti. Barua yako ilipofika nilikupigia simu palepale, kwa sababu kinyesi cheusi hakisubiri toleo la Jumamosi. Weusi ule ni damu. Damu mbichi nyekundu mara nyingi imetoka karibu na mlango wa nje, lakini inayotoka juu, tumboni au mwanzo wa utumbo, inasagwa njiani pamoja na chakula na kutoka ikiwa nyeusi kama lami. Nilikuambia uache kila kidonge, uchukue pakiti zote mbili pamoja na mbwa, uende kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ukaenda, na dereva wa bajaji akakutoza nauli ya abiria wawili. Ujumbe wako wa jana unasema amewekewa dripu, amepewa dawa za kulinda tumbo, na ameanza kulamba uji. Basi hujamuua. Vipimo vya figo daktari amesema vitarudiwa, na urudi kweli, hata kama utamkuta Mtajiju anamfukuza kuku wa jirani.

Sasa tukae tuzungumze, maana kuna mambo uliyoyaandika kwa uhakika sana na hayako hivyo.

Umeandika kwamba Panadol na diclofenac "ni zilezile dawa za maumivu, moja tu ina nguvu zaidi." Kwenye kabati zinakaa pamoja, kweli. Ndani ya mwili kila moja ina njia yake. Diclofenac ina ndugu wengi: ibuprofen, ambayo wengi tunaiita Brufen, naproxen, aspirini, meloxicam. Ukoo huu unazima kemikali za mwilini zinazoitwa prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu, ndiyo maana ukizizima mguu unapoa. Lakini hizohizo ndizo zinazoamuru tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe, na ndizo zinazohakikisha damu ya kutosha inafika kwenye figo. Ukizima maumivu umezima na walinzi. Binadamu naye hupata vidonda vya tumbo kwa dawa hizi, nadhani unao mtu wa karibu aliyewahi kuambiwa hivyo. Kwa mbwa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu nyingi kati ya dawa hizi hutolewa na ini lake kupitia nyongo, zikamwagwa kwenye utumbo, na utumbo ukazifyonza tena. Zinazunguka. Naproxen ndiyo mfano unaotisha: kwa binadamu nusu ya dawa huwa imeondoka mwilini ndani ya nusu siku au zaidi kidogo, ila kwa mbwa nusu hiyohiyo huchukua karibu siku tatu. Kidonge cha asubuhi na cha jioni kwa mbwa si vidonge viwili. Cha jana bado kiko kazini.

Ndiyo maana hesabu ya "nimempa kidogo tu, kama mtoto" haikukusaidia. Mtoto wa kilo 18 ni binadamu mdogo. Mbwa wa kilo 18 kama Mtajiju ana ini la mbwa na utumbo wa mbwa, na dawa iliyopimwa kwa ajili yako haikuwahi kumfikiria yeye.

Tonge la ugali pia halikumkinga. Ulidhani chakula kitalinda tumbo, na kwa mtu chakula husaidia kidogo kupunguza kichefuchefu. Lakini madhara makubwa ya dawa hizi hayatokani na kidonge kugusa ukuta wa tumbo. Yanatoka kwenye damu, baada ya dawa kuingia mwilini na kuzima zile prostaglandini. Ungeweza kukifunga kwenye pilau ya Idi, matokeo yangekuwa yaleyale.

Kama unadhani nakutisha, diclofenac ina historia yake. Miaka ya 1990 tai wa India na nchi jirani walianza kufa kwa wingi wa kutisha, mpaka mizoga ya ng'ombe ikawa inaoza bila mlaji. Watu walifikiri ni virusi. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Pakistan wakaonyesha kwamba tai hao walikula mizoga ya ng'ombe waliokuwa wametibiwa kwa diclofenac, na figo zao zikafa. Ng'ombe alipewa dawa akapata nafuu, tai akaonja nyama yake akadondoka. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Kwa hiyo jirani yako anaposema "mimi naimeza miaka yote na niko hai," anasema kweli tupu, na kweli hiyo haimhusu Mtajiju hata kidogo.

Tuje kwenye Panadol, maana naona swali hili ndilo hasa ulitaka nilijibu kwa namba. Paracetamol haitoki kwenye ukoo ule. Haichubui tumbo namna ile. Inapozidi, inashambulia ini na chembe nyekundu za damu. Nusu kidonge, yaani miligramu 250, kwa mbwa wa kilo 18 ni takriban miligramu 14 kwa kila kilo. Wako madaktari wa mifugo wanaowapa mbwa paracetamol kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, wakijua uzito, ini na dawa nyingine anazotumia. Sumu kwa mbwa huanza kuonekana kwenye miligramu 75 hadi 100 kwa kilo. Kwa hiyo zile nusu tatu sidhani kama ndizo zilizomuumiza. Ulibahatisha.

Nasema ulibahatisha kwa makusudi, kwa sababu najua yuko msomaji anayeshika kalamu sasa hivi. Weka kalamu chini. Kidonge kizima kimoja kwa kijibwa cha kilo nne ni miligramu 125 kwa kila kilo, tayari kimevuka mstari. Ile Panadol yenye neno Extra ina kafeini miligramu 65 juu ya paracetamol, na kafeini ni sumu kwa mbwa. Sharubati za watoto, hasa zile zisizo na sukari, nyingine zimetiwa utamu unaoitwa xylitol, ambao kwetu hauna neno lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla mpaka akaanguka. Na kama mbwa wako alishachomwa sindano ya dexamethasone na mtaalamu wa mifugo wiki hii, halafu wewe ukamwongezea Brufen jioni, tumbo lake linaweza kutoboka. Kipimo cha mezani hakiyajui yote hayo. Kwa hiyo namba ya kumpa sitakupa, mwanangu, na ukinikasirikia nitavumilia.

Mwenye paka asome hapa taratibu. Paka hana kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja paracetamol. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Damu yake hushindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia kama chai ya rangi, uso na nyayo vinavimba. Hakuna nusu wala robo ya paka. Hakuna kabisa.

Umeandika pia: "Alipata nafuu kwa Panadol, nikajua tatizo ni baridi yabisi tu." Hapa nikubane kidogo. Nafuu haikukuambia tatizo ni nini. Ilikuambia tu kwamba palikuwa na maumivu. Mbwa mzee anayeburuza mguu Morogoro wakati wa mvua anaweza kuwa na viungo vilivyochakaa, ndiyo. Anaweza pia kuwa na mwiba uliozama kati ya vidole, ukucha uliopasuka, goti lililokatika mshipa, au ugonjwa wa kupe, ambao huleta homa na viungo kuuma na kuhamahama, leo mguu huu, kesho ule. Huo wa kupe unatibiwa kwa antibayotiki, si kwa kituliza maumivu. Tena maumivu humfanya mbwa aupumzishe mguu. Ukiyazima bila kujua chanzo, anakimbia kwa mguu uleule ulioharibika. Ulimwangalia kati ya vidole? Kwenye barua hukusema. Mshike siku akiwa ametulia, panua vidole kimoja kimoja, tazama na chini ya masikio, ndiko kupe wanakopenda kujificha. Akiwa na maumivu makali mfunge mdomo kwanza kwa kitambaa laini, ila si mbwa anayetapika. Mbwa anayekupenda kwa moyo wote bado ana meno.

Sasa mumeo. Sikumcheka niliposoma, kwa sababu anachokisema wengi wanakifikiria. Mbwa kwetu analinda, anakula makoko ya ugali, akiugua anapona mwenyewe au hafiki wiki ijayo. Kumbeba kwenye bajaji kwenda kwa daktari kunaonekana ni mambo ya watu wa kwenye filamu. Nadhani hata wewe ulikuwa na aibu hiyo, na nitakuambia kwa nini nadhani hivyo. Unakaa Kihonda. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko mjini kwako, madaktari wa mifugo wanafundishwa hapohapo, watu wanatoka mikoa mingine kuja kusomea kazi hiyo. Wewe ulimpita afisa mifugo wa kata, ukapita hospitali, ukaenda kwenye mkoba wa jirani. Sidhani ni kwa kukosa nauli. Kumpa mbwa kidonge gizani hakuna anayekuona.

Na kuna jingine, laini zaidi. Kumpa kidonge kwa mkono wako kulikutuliza wewe. Ulikuwa unamsikia akilalamika kwenye ngazi, huwezi kulala, na kufanya kitu, kitu chochote, kulikuwa bora kuliko kulala ukisikiliza. Silaumu. Akina mama tumelea watoto kwa mtindo huo, nusu kidonge na mkono kwenye paji la uso. Ila mbwa hawezi kukuambia "mama, tumbo linawaka." Mtoto angelia baada ya kidonge cha pili. Mtajiju alimeza vyote akatikisa mkia, kwa sababu vilikuja na mchuzi wa dagaa na wewe.

Mumeo mwulize jambo moja tu, kwa upole, akiwa ameshiba: mlinzi wa binadamu angelipwa shilingi ngapi kwa mwezi, kwa miaka tisa? Usibishane naye zaidi ya hapo. Halafu mpe kazi. Mbwa lazima apimwe uzito tena, kwa sababu daktari hawezi kumpa dawa bila kilo. Mumeo ambebe, apande mizani, kisha ajipime peke yake, mtoe hesabu. Mwanamume aliyembeba mbwa mzee kifuani na kusoma mizani hawezi tena kusema hayamhusu. Majirani wakicheka, wacheke. Wiki ijayo mmoja wao atakuja kuuliza daktari yuko wapi, utaona.

Kuhusu mguu wenyewe, kuna dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Carprofen ni moja. Meloxicam ni nyingine, na hapa uwe macho, kwa sababu jina hilohilo liko kwenye duka la dawa za binadamu. Kidonge cha binadamu cha miligramu 15 ni zaidi ya mara nne ya anachoanzishiwa mbwa wa kilo 18 siku ya kwanza, na zaidi ya mara nane ya anachopewa siku zinazofuata. Ya mbwa huja pia kama dawa ya maji yenye bomba la kupimia kwa kilo. Hata hizo si pipi, hutolewa baada ya kujua figo na ini viko salama, na kwa Mtajiju daktari huenda akataka siku kadhaa zipite kwanza ili diclofenac itoke, maana dawa mbili za ukoo ule hazipandishwi moja juu ya nyingine. Usimharakishe. Mwambie kila kitu, pamoja na zile Panadol na yale ya jirani. Madaktari wa wanyama wameshasikia mengi, hawatakushangaa.

Wakati unasubiri, mwondoe kwenye sakafu ya saruji. Gunia lililojazwa majani makavu au blanketi kuukuu, mahali pasipopita mvua wala upepo wa usiku, linamfaa sana mbwa mwenye viungo vibovu. Mtengenezee kijiteremko cha ubao pale barazani. Uliposema kwenye barua kwamba "amenenepa kiheshima," nami nakuambia heshima hiyo iko juu ya magoti yake, punguza ugali. Mtembeze kidogo, mara nyingi, polepole.

Na nyumba yoyote ambayo mbwa amekwisha kumeza dawa ya binadamu, iwe umempa au ameitafuna pakiti mwenyewe, msimpe maziwa. Najua ndiyo dawa ya kwanza ya kila sumu tuliyofundishwa. Maziwa hayaizuii diclofenac wala paracetamol. Mafuta ya kula yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi ya kumtapisha yenyewe ni sumu. Mkaa wa jikoni si ule mkaa wa hospitalini, usimsagie. Mnachohitaji ni pakiti, idadi ya vidonge vilivyokosekana, saa aliyomeza na kilo zake, na simu ya daktari wa mifugo. Akifika mapema, ndani ya saa moja au mbili, daktari anaweza kumtapisha kwa usalama. Sumu ya paracetamol ina dawa yake, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Msisubiri dalili. Figo huweza kuumia kimyakimya, mbwa akionekana mzima siku ya kwanza na ya pili.

Limebaki la jirani. Umeandika huwezi kumtazama usoni, na unaogopa ukimwambia atajiona mchawi. Mwambie. Nenda jioni, kaa, kunywa chai yake, mweleze ulivyoambiwa na daktari, bila "wewe ulinipa" ndani ya sentensi hata moja. Yeye ni nesi, anazijua dawa hizi na vidonda vya tumbo amewahi kuvihudumia. Ataelewa kabla hujamaliza, na kuna mbwa wengine watatu kwenye mtaa huo ambao huenda nao wamewahi kupita mkobani mwake. Pakiti iliyobaki mrudishie. Na ukiwa palepale, kwa kuwa amekiri mwenyewe anameza diclofenac mwaka hadi mwaka, mwulize mara ya mwisho alipima figo na shinikizo la damu lini. Akijibu "mambo ya nesi niachie mimi," mwambie ile bajaji iliyombeba Mtajiju inafika hadi hospitali ya mkoa, na kwa abiria mmoja nauli ni ya mmoja.